Deni la Ubao wa Saba

Haisi nilinunua kwa muuza mikate wa Chumbageni.
Hadi leo, jua likikaza,
hamira hunukia kutoka sakafuni.
Mimi fundi cherehani. Kazi yangu iko Kwamsisi, Songe, Mkinga,
kwa washonaji ambao mashine zao zinaruka uzi,
na nimechoka na gesti za buku saba
ambako mlipaji ni mimi, mwenye kitanda ni kunguni.

Nitalala garini, nikasema.
Lakini bati tupu si nyumba.

Wiki ile ile, Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
nyumba ya babu ilikuwa inabomolewa.
Warithi kumi na mmoja walishagawana hela;
mnunuzi anataka ghorofa, hataki mbao.
"Chukua," akaniambia, "kabla mama ntilie hawajazipikia maharage."
Nikachukua milango miwili ya mvule,
vibao vya dari vya mkangazi,
na kitanda cha babu.
Hapana, kitanda nilikiacha. Habari za kunguni nimeshasema.

Misumari tuling'oa siku tatu, mimi na Fundi Mdoe.
Ilitoka ikilia kama watoto wanaoachishwa ziwa;
mingine ikakatika vichwa, ikabaki mle mle,
randa ikaikuta, ikapata pengo.
Mdoe alitukana kwa Kibondei, akaomba radhi kwa Kiswahili.

Gari halina pembe mraba hata moja.
Mbavu zimepinda, tairi la nyuma halina upepo,
pima maji inasema uongo bila kupepesa.
Kila ubao tuliukatia kwanza kadibodi,
kama unavyompima mteja mnene
asiyetaka kuambiwa amenenepa.
Nyuma ya mbao tukashindilia taka za katani,
magunia manne. Tuliwashwa hadi shingoni.

Wa kwanza ukakaa. Wa pili. Wa sita.
Wa saba, Mdoe alipougeuza apige randa,
nikamshika mkono.
Penseli ya seremala, ile nene, nyekundu:

Mbwana Kaniki. Milango 2, dari. Kalipa 60. Bado 45.
Singano, Magila.

Mbwana Kaniki ndiye babu.
Yule aliyevuka barabara usiku
kumrudishia jirani njiti tatu za kiberiti.
Na miaka yote hiyo deni lake lilikuwa limelala chali darini,
linatazama mabati,
naye chini yake, anakoroma.

Mdoe alicheka hadi akakalia tairi la akiba.
"Pengine alilipa. Nani hupanda darini kwenda kufuta?"
Pengine.
"Nipitishe randa? Dakika moja, babu yako anatoka msafi."

Shilingi arobaini na tano. Leo haziokotwi.
Lakini kuna mtu alitoka Magila, msumeno begani,
akarudi Magila na neno "kesho".

Nikasema, maandishi yaangalie ndani.
Tukaukaza kwa skrubu nane, juu ya godoro,
usawa wa macho ya mtu aliyelala.

Sasa mvua ikinikuta Songe
mkangazi unafura, unabana, unalia kidogo kwenye maungio.
Nawasha tochi ya simu. Nasoma.
Asubuhi nikishatia mashine ya mtu mafuta,
akiuliza ni kiasi gani,
nami namuuliza ukoo wake.
Wananiona nina walakini.

Muheza nimepata Singano wawili.
Mmoja alisema wao ni wa Mlingano, hawajawahi kudai mtu.
Wa pili, mshona darizi, hakuwa na hakika:
babu yake alikuwa seremala, au katekista, mojawapo.
Cherehani yake niliitengeneza bure,
nikaifunga na mkanda mpya.
Alinitazama kama anayetafuta mtego.

Usiku ule nilichukua penseli.
Sikufuta kitu. Chini ya jina la Singano,
kwa mwandiko mdogo, nimelala chali, mkono ukinitetemeka,
niliandika: Pengine.